Tovuti Iliyogongwa Muhuri

Kuna nchi moja, wala haiko mbali, ambayo hairuhusu itajwe jina kabla wageni waliopo hawajatambuliwa. Kwa kuwa wageni ni wengi na hadithi hii ni fupi, tutaiita nchi tu, na tunaiomba radhi. Ni nchi nzuri. Mvua zinanyesha, watu wanacheka, na hakuna jambo linaloanza mahali linapoanzia. Nyumba ikishika moto, mkuu wa zimamoto kwanza huwatambua waliofika kuutazama, kuanzia mwenye cheo kikubwa hadi mwenye nyumba, kisha husema "itifaki imezingatiwa" ndipo maji yafunguliwe. Watu wamezoea, na nyumba nazo zimezoea.

Katika nchi hiyo palikuwa na jumuiya isiyotafuta faida, na kwa kweli haikuwahi kuipata. Iliitwa Jumuiya ya Kushikana Mikono Kitaaluma, kwa kifupi JUKUMIKI. Kazi yake ilikuwa moja na ilikuwa njema: kijana aliyetoka chuoni na cheti mkononi na hofu tumboni, atafutiwe mtu mzima wa taaluma ileile amshike mkono, amwonyeshe njia, amweleze makosa ya kuepuka. Mtu mzima huyo aliitwa mshauri. Kijana aliitwa mhitaji.

Mkurugenzi wa Mawasiliano wa JUKUMIKI alikuwa Bwana Ezekia Manyanga, na hadithi hii ni yake, ingawa mwenyewe angependa iwe ya mtu mwingine. Alikuwa na miaka arobaini na minane, kitambi cha semina, na tai ya kijani aliyoivaa kila palipokuwa na kamera. Zamani alikuwa mpima ardhi. Akapandishwa cheo, akaacha kupima ardhi akaanza kupima maneno, kazi isiyo na jua wala miiba. Kwenye orodha ya washauri jina lake lilikuwa la kwanza: "Mshauri Mbobezi, Upimaji Ardhi." Wapima ardhi wengine kwenye orodha hawakuwepo. Na kwa miaka sita, tangu orodha ianzishwe, Mshauri Mbobezi huyu alikuwa hajamshauri hata paka.

Alilijua hilo, msidhani hakulijua. Kila asubuhi akinyoa ndevu alijitazama kwenye kioo akajicheka, "Mbobezi we!" Akishamaliza kujicheka alijifuta povu, akafunga tai, akaenda kazini kuendelea vilevile.

Tovuti ya JUKUMIKI wakati huo ilikuwa mbaya, hakuna wa kuitetea. Rangi yake ilikuwa ya chungwa lililoanza kuoza, na herufi zilikuwa zinarukaruka bila sababu. Katikati palikuwa na kitufe kimoja kikubwa: NAHITAJI MSHAURI. Kijana akikibonyeza, ujumbe uliingia kwenye simu ya ofisi, na yeyote aliyekuwa karibu na simu aliusoma akamtafuta mshauri. Vijana mia tisa walisaidiwa kwa njia hiyo ya kishamba. Hakuna aliyeona haya juu ya jambo hilo, mpaka Mwenyekiti aliposafiri.

Mwenyekiti alikuwa Profesa Mhandisi Balozi Mstaafu Mtawali Kibonde, mtu ambaye kadi yake ya utambulisho ilibidi ikunjwe mara tatu. Alikwenda kwenye kongamano katika nchi jirani, akaona tovuti ya wenzetu ikiwa na picha zinazotembea zenyewe. Alirudi hana usingizi. "Majirani wana picha zinazotembea," aliuambia mkutano, "sisi zetu zimekaa tu kama watu wa mapokezi. Tutaijenga upya." Hapohapo ikaundwa Kamati ya Tovuti ya watu ishirini na saba. Mmoja kati yao alikuwa amewahi kufungua tovuti, na alifanya hivyo kwa bahati mbaya.

Manyanga akawa Katibu wa Kamati. Tovuti ya zamani ikatangazwa kufungwa Ijumaa, na Alhamisi yake simu ililia mezani.

"Shikamoo, Mkurugenzi."

"Marahaba, mwanangu. Naongea na nani?"

"Naitwa Hosiana Mdemu. Mpima ardhi. Yaani bado sijawa, nasubiri leseni. Nina usaili wa Bodi tarehe kumi na nne mwezi wa tisa. Mwaka jana nilianguka, na sheria ni mara mbili tu. Nikianguka na huu, basi, niliyosoma miaka minne yote yamekwenda bure. Nimebonyeza pale penye mshauri nikaambiwa mnafunga."

Manyanga alitazama orodha iliyobandikwa ukutani. Jina la kwanza lilimtazama na yeye. Kusema "mshauri ni mimi, njoo kesho" yalikuwa maneno matano tu. Lakini ukweli usemwe, aliogopa. Alikuwa hajashika kifaa cha kupimia kwa miaka kumi na mitano, na alihofia binti huyu angegundua katika dakika kumi kwamba Mbobezi amebobea katika kukaa.

"Mwanangu, una bahati sana," alisema. "Tunajenga tovuti mpya. Subiri kidogo, utapata mshauri kwa njia ya kisasa."

"Itakuwa tayari lini, baba?"

"Inazinduliwa tarehe kumi na mbili mwezi huohuo wa tisa."

"Siku mbili kabla ya usaili?"

"Siku mbili nzima," alijibu Manyanga kwa sauti ya mtu anayetoa zawadi.

*

Fundi wa tovuti alikuwa dada mmoja aitwaye Zamda, mpole, mwenye miwani, aliyekuwa na ugonjwa wa kusema mambo kwa kifupi. Baada ya wiki mbili alikuja kikaoni na kompyuta yake akaonyesha ukurasa mweupe, safi, kitufe kimoja katikati. "Mhitaji akifika anaona kitufe, anabonyeza, anapata mshauri. Basi."

Mjumbe mmoja akauliza kwa upole kama fundi ana matatizo nyumbani.

"Binti," alisema Mwenyekiti, "kitufe kinamtanguliaje Mwenyekiti? Mgeni akiingia kwako humkimbizi chooni kabla hujamsalimu. Hapa mwanzo uweke bendera. Halafu nafasi ya picha ya Mgeni Rasmi, kwa kuwa hatumjui bado, iandikwe 'Mgeni Rasmi anakuja'. Halafu mimi. Halafu Neno la Mwenyekiti. Halafu Neno la Shukrani kwa Neno la Mwenyekiti. Halafu Kamati, kwa vyeo. Halafu washirika. Wahitaji watakuta kitufe chao huko chini, wakiwa wameshatufahamu."

"Vijana wengi wanatumia simu, Profesa. Watashuka kwa kidole mpaka wachoke."

"Uvumilivu ni sehemu ya malezi," alisema Mwenyekiti, na watu ishirini na sita wakaandika hilo.

Ndipo likaja suala la kuidhinisha. Katika nchi hiyo kitu hakiidhinishwi mpaka kiwe karatasi, karatasi haiidhinishwi mpaka iwe na muhuri. Mwenyekiti alikataa katakata kuidhinisha kitu cha kwenye kioo. "Siwezi kukubali kitu kisichoshikika," alisema. "Leo kipo, kesho mtu anazima."

Kwa hiyo tovuti ikaprintiwa. Nakala ishirini na saba, kila moja karatasi kumi na tisa zilizounganishwa kwa gundi, ndefu kuliko meza ya mkutano. Wajumbe walizikunjua korido nzima, wakapiga magoti na kalamu nyekundu, wakasahihisha tovuti kama walimu wanaosahihisha mtihani wa darasa la nne. Mmoja aliweka mkato katikati ya jina lake ili lisomeke taratibu. Mwingine alilalamika kwamba picha zinazotembea hazitembei kwenye karatasi, akataka fundi aeleze.

Na Manyanga wetu? Manyanga siku hiyo alipiga vita kubwa. Picha yake ilikuwa imewekwa safu ya sita, jirani na mweka maua. Akatoa hoja, akataja katiba, akazungumza dakika arobaini kwa jasho. Akapandishwa safu ya nne. Wakati huo simu yake ilikuwa mezani imelala kifudifudi, ikitetemeka. Hosiana alipiga mara tatu. Baadaye Manyanga alimtumia ujumbe: "Nipo kikaoni kwa ajili yenu." Alipoutuma alijicheka mwenyewe, na kicheko hakikutoka vizuri.

Wiki ya mwisho karatasi zote kumi na tisa zikagongwa muhuri wa zambarau, ILIYOIDHINISHWA, na ule wa karatasi ya mwisho ukatua barabara juu ya kitufe. Zamda akasema sasa ataipandisha tovuti mtandaoni.

"Ipi?" aliuliza Mwenyekiti.

"Iliyopo kwenye kompyuta, Profesa. Nimeshaingiza masahihisho yote."

"Hiyo ina muhuri?"

"Hapana, lakini ni ileile."

"Haiwezi kuwa ileile kama haina muhuri. Tutapandisha iliyoidhinishwa."

Zamda akamgeukia Katibu wa Kamati. Manyanga alielewa kila kitu. Alielewa kwamba karatasi zitaskaniwa, kwamba tovuti itakuwa picha ya karatasi, na kwamba picha ya kitufe haibonyezeki, kama vile picha ya wali haishibishi. Sentensi nzima ilikuwa tayari mdomoni mwake. Akatazama safu ya nne, mahali alipokuwa anatabasamu na tai yake ya kijani, karibu kabisa na safu ya tatu.

"Naunga mkono hoja," alisema.

Zamda akawasha skana. Aliskani karatasi zake kumi na tisa. Kitu kimoja tu kilibaki kilichotengenezwa kwa mkono wake kisichopita kwenye karatasi: sanduku la Maoni na Malalamiko, ambalo kanuni za serikali zinalazimisha liwepo kwenye kila tovuti. Hilo hakuna mjumbe aliyetaka liprintiwe, kwa sababu hakuna mjumbe aliyetaka kuliona.

*

Uzinduzi ulifana. Mgeni Rasmi alikuwa Naibu Waziri wa Mambo Yatakayofuata, naye alifuata, saa tatu baada ya muda uliotangazwa. Kompyuta ilikuwa imefungwa utepe, ikabidi aukate kwanza ndipo ifunguke. Alihutubia kuhusu uchumi wa kidijitali na umuhimu wa kupanda miti. Kisha akaongozwa mbele ya skrini kubwa, Zamda akashusha ukurasa, na kushusha, na kushusha, huku kila mwenye picha akipigiwa makofi inapopita, hadi kitufe kikatokea chini ya muhuri. Mheshimiwa akakibonyeza.

Hakuna kilichotokea. Akabonyeza tena.

"Kama mnavyoona, waheshimiwa," mshereheshaji alidakia, maana ndiyo kazi inayomlisha, "kitufe kimetulia! Hakina papara! Makofi ya nguvu!"

Watu wakapiga makofi. Manyanga alipiga kuliko wote. Saa kumi na moja jioni, sambusa zikiwa zimekwisha, simu yake ikalia.

"Shikamoo, baba. Hosiana. Nabonyeza tangu saa sita. Haifunguki."

"Marahaba. Umebonyeza vipi?"

"Kwa kidole."

"Jaribu kubonyeza taratibu," alisema Manyanga, na palepale akatamani ardhi, ile aliyoacha kuipima, ipasuke immeze.

"Haya, baba," alisema Hosiana. "Asante kwa msaada wako wote." Hakuisema kwa kejeli. Aliisema kwa adabu, kama alivyolelewa, akakata. Manyanga alisimama na kijiti cha kuchokolea meno mkononi, na akajisikia mtu mdogo sana. Usiku huo hakula, na mkewe alidhani ni sambusa.

*

Asubuhi ya tarehe kumi na tatu Zamda aliingia ofisini kwake bila kugonga. "Mkurugenzi, njoo uone sanduku la malalamiko."

"Yameingia mangapi?"

"Mia tatu na kumi na mbili. Lakini malalamiko ni kumi tu."

Manyanga akavaa miwani. Zamda alikuwa ametengeneza sanduku ambalo kila anayeandika anaona walichoandika wenzake, kwa vile hakuna aliyemwambia asifanye hivyo. Wahitaji waliobonyeza kitufe hadi wakachoka walikuwa wameteremkia humo kulalamika, wakakutana. Muuguzi wa mkoani alikuwa anamweleza mwenzake namna ya kumwambia ndugu habari mbaya. Wakili mchanga alikuwa anafundishwa jinsi ya kusimama mbele ya hakimu anayesinzia bila kumwamsha wala kumwacha alale. Na katikati yao, haya:

"Naitwa Hosiana, nina usaili wa upimaji ardhi kesho kutwa. Kuna anayejua Bodi huuliza nini?"

"Mimi nilianguka mara mbili, sasa nafyatua matofali. Maswali yote ninayo kichwani. Uliza, dada."

Wakaulizana na kujibizana mpaka ukurasa wa pili. Mfyatua matofali alijua maswali yote, ila majibu alikuwa nayo nusu. Kisha mtu mwingine akaingilia: "Hivi yule wa safu ya nne, mwenye tai ya kijani, si ameandikwa mpima ardhi? Kuna aliyewahi kusaidiwa naye?"

"Mimi aliniambia nisubiri tovuti."

"Na mimi, mwaka juzi. Hata hiyo tovuti ilikuwa haijafikiriwa."

"Mimi ameniambia nibonyeze taratibu."

Manyanga alianza kucheka, maana ilichekesha kweli, kisha akaacha katikati ya kicheko. Miaka yote alijicheka mwenyewe kwenye kioo ili mtu mwingine asipate nafasi. Sasa watu wasiomjua wamemcheka kidogo tu, tena bila chuki, wakaendelea na shughuli zao, kwa sababu walikuwa na shughuli.

"Nilipeleke kwenye Kamati?" aliuliza Zamda.

"Likifika kwenye Kamati litaprintiwa," alisema Manyanga.

Zamda akamtazama, akatikisa kichwa kukubali. Manyanga akavuta kibao cha herufi akaandika kwa vidole viwili: "Mimi ndiye wa tai ya kijani. Nimewadanganya, nisameheni. Mfyatua matofali anajua maswali. Mimi najua makosa, niliyafanya mengi kabla sijapewa ofisi. Hosiana, kama hujanichoka, leo saa nane mchana uwanja wa mpira nyuma ya soko la nafaka."

Dakika nne zikapita. Hakuwahi kusubiri kitu kwa hofu kama ile. Kisha likaja jibu: "Kifaa unacho, baba, au tubonyeze taratibu?"

*

Kifaa alikuwa nacho, chini ya mabango ya semina stoo, kile cha zamani cha miguu mitatu na darubini juu yake. Walikuja watu saba. Hosiana alikuwa mrefu, mwenye daftari lililochakaa na uso wa mtu asiye na muda. Mfyatua matofali alikuja na vumbi lake jekundu hadi kwenye kope.

Manyanga akasimamisha kifaa kwa mbwembwe. Kikainama. Akakisimamisha tena, kikainama upande mwingine. Jasho likamtoka kwenye tai.

"Baba, skrubu ya mguu huu imelegea," alisema Hosiana, akapiga goti akaikaza, akatuliza kipovu cha kipimamaji katikati kwa mizunguko mitatu. Hofu ile ya miaka kumi na mitano ikawa imetimia yote, mbele ya mashahidi saba, na Manyanga akashangaa kuona bado anapumua.

Basi akawafundisha alichokuwa nacho. Aliwaeleza jinsi alivyopima kiwanja cha shule moja, akiwa bado kijana, siku ya sherehe. Kupima kunataka alama ya rejea, mahali pamoja pasipohama pa kuanzia kila pembe. Yeye aliangaza huku na huko, akaona kibendera kwenye gari la mgeni rasmi, kizuri, kimesimama wima. Akakilenga. Akaandika pembe zake nusu, akaitwa kula. Aliporudi gari lilikuwa limesogezwa kivulini, kibendera kimesimama wima vilevile, naye akaendelea.

"Mpaka ukaenda wapi?" aliuliza mfyatua matofali.

"Ulimfuata mgeni rasmi. Hadi leo darasa la sita linasoma ndani ya shamba la mihogo la mzee mmoja, na mzee huwapigia kelele wakati wa hesabu. Ndipo nikapandishwa cheo."

Walicheka hadi wauza mahindi wakageuka. Hosiana hakucheka. Aliandika kwenye daftari, akapigia mstari, akasema, "Sasa tuanze mwanzo, baba. Alama yetu ni ipi?" Wakafanya kazi mpaka kivuli cha goli kikafika katikati ya uwanja.

Kesho yake saa saba mchana simu ikalia. Manyanga aliikamata kabla haijamaliza mlio wa kwanza.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Wamesemaje?"

"Walikuwa watano. Mzee wa katikati akaniuliza, mpima akifika uwandani alama ya rejea aiweke wapi. Nikasema, kwenye kitu ambacho mgeni rasmi akiondoka hakiondoki naye. Akavua miwani. Wenzake wakatazamana. Nikajua nimekwisha."

"Halafu?"

"Halafu akaniuliza nimefundishwa na nani. Nikamwambia, na watu wa sanduku la malalamiko. Nimepita, baba."

Manyanga akajaribu kusema hongera, machozi yakamtangulia. Hakujificha. Mhudumu aliyeleta chai alimkuta hivyo, akaweka kikombe akatoka kinyumenyume.

Mwisho wa mwezi Kamati ilidai taarifa ya mafanikio ya tovuti, kwenye fomu yake maalumu. Manyanga aliijaza kwa kalamu ya wino. Penye "Sanduku la Maoni na Malalamiko" aliandika: "Hamna lolote la kuisumbua Kamati." Penye "Idadi ya waliopatiwa washauri na tovuti mpya" alikaa muda mrefu na kalamu hewani. Kisha akaandika: "Mmoja." Na chini yake, penye "Jina kamili la mhitaji", akaandika Ezekia Manyanga.